Antibayotiki vijijini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa kwenye kliniki za watoto, mikutano ya kijiji na kaunta za maduka ya dawa huko vijijini Tanzania, mara nyingi kwa sauti ya chini na mtu akiwa na haraka ya kuondoka. Tumeyajibu kwa kirefu kwa sababu majibu mafupi ndiyo yaliyotufikisha hapa. Mwanakijiji hulaumiwa sana kwa matumizi mabaya ya antibayotiki. Wanaomlaumu husahau kwamba zahanati iko mbali, dawa zikifika huisha kabla ya mwezi kuisha, na mwenye duka ndiye aliye wazi saa mbili usiku. Tunaandika tukiyajua hayo.

Antibayotiki ni dawa zipi hasa?

Ni dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Unazijua kwa majina: amoksilini, Ampiclox, Septrin, Flagyl, doksisaiklini, siprofloksasini, azithromaisini, na tetrasaiklini ambayo wengi wanaiita "rangi mbili". Panadol si antibayotiki, wala dawa mseto ya malaria, dawa ya minyoo au dawa ya fangasi.

Usiitambue dawa kwa rangi. Omeprazo ya vidonda vya tumbo nayo huja kwenye kapsuli za rangi mbili, na haiui bakteria wa kidonda wala wa kifua. Mtu akikuambia "nilipona kwa zile nyekundu na nyeusi", hujajua alitumia nini. Soma jina kwenye karatasi ya vidonge, na kama kusoma ni shida, mpe kijana wa nyumbani akusomee.

Nina mafua, kikohozi na mwili unauma. Ninywe amoksilini?

Hapana. Mafua na vikohozi vingi vinaletwa na virusi, na antibayotiki haina kazi juu ya virusi. Utapona baada ya wiki moja hivi, ukiwa umemeza kapsuli au hujameza. Tatizo ni kwamba aliyemeza huipa dawa sifa ya kupona kwake, na mwakani ataifuata tena. Kunywa maji ya kutosha, pumzika, tumia Panadol kwa homa na maumivu.

Koo nalo mara nyingi ni virusi. Ila mtoto wa umri wa kwenda shule mwenye homa na koo lenye usaha au tezi zilizovimba shingoni aonekane zahanati, kwa kuwa kuna bakteria wa koo ambao wakiachwa bila tiba wanaweza baadaye kumharibia mtoto valvu za moyo. Na kikohozi kilichofika wiki mbili kisitibiwe dukani hata kidogo. Nenda ukapime kifua kikuu. Kipimo na dawa zake ni bure. Kumeza siprofloksasini au dawa za kundi lake kwa "kujaribu" kunaweza kutuliza dalili za kifua kikuu kwa muda, ugonjwa ukaendelea kukutafuna na kuambukiza walio nyumbani.

Nitajuaje kwamba kikohozi cha mtoto ni nimonia?

Hili ndilo swali ambalo tungependa kila mzazi alijue jibu lake, kwani nimonia inaua watoto wadogo, na hapa amoksilini inaokoa maisha kwelikweli.

Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua, shika saa au simu, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kila kifua kinapopanda ni pumzi moja. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza miaka mitano, mpaka ni 40. Usihesabu kwa robo dakika kisha uzidishe, maana watoto hawapumui kwa mpangilio sawa. Tazama pia sehemu ya chini ya mbavu: ikibonyea ndani anapovuta hewa, safari ya zahanati ni sasa hivi, si kesho asubuhi.

Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kutoamka vizuri, hizo ni dalili za hatari, usipitie dukani kwanza. Mtoto wa chini ya miezi miwili akiwa na homa au akikataa kunyonya, naye apelekwe mara moja, hata kama hakohoi.

Zahanati wana amoksilini ya kidonge cha kuyeyuka kwenye maji, ndiyo wanayoanza nayo kwa nimonia ya mtoto. Ni rahisi kuliko dawa ya chupa, haihitaji kijiko cha kupimia wala jokofu. Ukipewa ya unga ndani ya chupa, uichanganye na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi alama, utikise kila unapotaka kumpa, na baada ya siku 7 umwage iliyobaki. Tumia kipimo kilichokuja na dawa. Vijiko vya nyumbani havilingani: kipo cha chai, kipo cha uji, na kila nyumba ina chake.

Sina hela ya dozi nzima. Siwezi kununua za elfu moja kwanza?

Tunalijua swali hili lilivyo. Mama anafika kaunta na noti moja imekunjwa kwenye ncha ya kanga, anasema "nipe za elfu moja", muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge kumi kwenye karatasi, anavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki. Hakuna aliyekosa adabu wala aliyekusudia mabaya. Lakini piga hesabu: mtu mzima akiandikiwa amoksilini ya miligramu 250, vidonge viwili mara tatu kwa siku 5, hivyo ni vidonge 30. Vile kumi havimfikishi hata siku mbili.

Dawa ikiingia kwa kiasi kidogo, bakteria dhaifu hufa na wenye uwezo wa kuihimili hubaki, wakazaliana, na kizazi chao chote kinakuja na uwezo huohuo. Si habari mpya. Alexander Fleming, aliyegundua pensilini mwaka 1928, alionya waziwazi alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba huenda siku ikafika pensilini ikanunuliwa madukani na mtu yeyote, na asiyejua akameza kiasi pungufu na kuwafundisha vijidudu kuishinda dawa.

Sasa ufanyeje ukiwa na elfu moja tu? Mwambie muuzaji ukweli, umuulize kama ugonjwa huu unahitaji antibayotiki kabisa. Mara nyingi hauhitaji, na elfu moja yako inatosha Panadol na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Kama inahitajika kweli, antibayotiki za kawaida ambazo ndizo zinazofaa kwanza ni za bei nafuu. Uliza bei ya dozi nzima kabla ya kukata tamaa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano na kwa mjamzito, sera ya nchi ni matibabu bure kwenye vituo vya serikali. Zahanati ikikuambia dawa zimeisha, swali hilo lipelekwe kwenye kamati ya zahanati na mkutano wa kijiji, na liulizwe kila mara. Kijiji kinachonyamaza kitaendelea kununua vidonge kumi kumi.

Nimepata nafuu siku ya pili. Niache?

Usiache bila kumuuliza aliyekuandikia. Nafuu inakuja mapema kwa sababu idadi ya bakteria imeshuka, si kwa sababu wameisha. Watafiti wameonyesha kwamba baadhi ya magonjwa yanatibika kwa siku chache kuliko ilivyozoeleka, na ndiyo maana mwenzako anaweza kupewa siku 3 na wewe siku 7. Idadi hiyo iwe ya mtaalamu, isiwe ya hisia zako wala ya mfuko wako.

Halafu zingatia saa. Ukiandikiwa 1x3, maana yake ni kila baada ya saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Wengi humeza asubuhi, mchana na jioni ya saa 12, kisha mwili unakaa usiku kucha dawa ikipungua.

Wanasema mwili wangu umezoea dawa. Ni kweli?

Si mwili uliozoea. Ni bakteria waliokuwa sugu. Tofauti hii inabadilisha kila kitu. Kama ingekuwa ni mwili wako, tatizo lingekuwa lako peke yako. Bakteria sugu wanahama: kwa mikono, kwa maji ya kisima, kwa choo kisichofunikwa, kwa maziwa na nyama. Mtoto mchanga ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja anaweza kuzaliwa leo na kuugua bakteria ambao Septrin na Ampiclox haziwagusi.

Wizara ya Afya inaliita tatizo hili usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Makadirio ya dunia kwa mwaka 2019 ni kwamba watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyokuwa na vifo vingi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba hili ni jambo la hospitali kubwa za Ulaya.

Kila nikipima naambiwa nina UTI na taifodi. Mbona haziishi?

Pengine hukuwa nazo.

Tuanze na taifodi. Kipimo kinachotumika sana vijijini, Widal, hutafuta kinga za mwili, si bakteria mwenyewe. Kinga hizo hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya kupona, na zinaweza kuchochewa na magonjwa mengine. Kipimo kimoja cha Widal chenye "1:160" si uthibitisho kwamba unaumwa taifodi leo. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu, nacho kinapatikana hospitali chache. Ukitibiwa taifodi mara tatu kwa mwaka kwa Widal peke yake, una haki ya kuuliza maswali.

Wafugaji wawe na jambo la ziada akilini. Homa inayokuja na kuondoka kwa wiki nyingi, jasho la usiku na viungo kuuma, kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi au anayezalisha mifugo, inaweza kuwa bruselosi, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba. Dawa zake ni mbili kwa pamoja kwa wiki kadhaa. Septrin za siku tano hazitaigusa. Mwambie mganga wa zahanati kwamba wewe ni mfugaji, hata asipokuuliza.

Kuhusu UTI: dalili zenyewe ni kuungua unapokojoa, kwenda haja ndogo mara kwa mara na maumivu chini ya kitovu. Homa na maumivu ya mgongo zikiongezeka, huenda imefika kwenye figo. Kuwashwa na kutokwa uchafu mweupe mzito mara nyingi ni fangasi, na antibayotiki huwachochea fangasi hao badala ya kuwatibu. Mwanaume anayetokwa usaha ana uwezekano mkubwa wa ugonjwa wa ngono. Atibiwe yeye na mwenzi wake pamoja, la sivyo watarudishiana. Na kwa wanaolima mpunga kwenye maji, mkojo wenye damu uwakumbushe kichocho, ambacho dawa yake ni prazikwanteli.

Mkojo wa kupima nao una utaratibu. Jisafishe kwa maji, acha wa mwanzo uende, kinga wa katikati kwenye kikopo safi. Mkojo uliokingwa ovyo huonyesha "uchafu" usiotoka kwenye kibofu. Na ile inayoitwa UTI sugu ioteshwe hospitali ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inamuua, kabla hujahamia kwenye sindano za antibayotiki kama Powercef.

Nimepima malaria, haipo. Si ndiyo nipewe antibayotiki?

Si lazima. Vipimo vya haraka vya malaria vilipoenea kwenye zahanati, dawa mseto zilipungua kutolewa ovyo, ila tafiti za nchi kadhaa zilionyesha kwamba wengi waliokutwa hawana malaria waliondoka na antibayotiki badala yake. Mgonjwa anataka kurudi na kitu mkononi, na mtoa huduma hataki aonekane hakumsaidia. Homa nyingi za namna hiyo ni za virusi. Muulize: "Unafikiri nina ugonjwa gani, na dawa hii ni ya nini?" Ni swali la adabu, na mtaalamu mzuri hulifurahia.

Mtoto anaharisha. Flagyl ipo nyumbani.

Iache. Kuhara maji kwa mtoto kunatibiwa kwa ORS, yaani zile chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, huku akiendelea kunyonya na kula. Kinachomuua ni kupungukiwa maji. Kuhara damu ndiko kunakohitaji antibayotiki, baada ya kuonekana zahanati. Kuhara maji mengi meupe kama ya mchele wakati kuna kipindupindu ni dharura.

Kumwagia unga wa kapsuli kwenye kidonda kunakikausha, sivyo?

Kunakipa ganda juu, na usaha unabaki chini. Desturi hii imeenea: kapsuli inafunguliwa, unga wa njano unanyunyizwa kwenye jeraha la panga, kwenye kitovu cha mtoto, hata kwa kijana aliyetoka jandoni. Unga ule ulitengenezwa upite tumboni. Juu ya kidonda huganda, hukusanya vumbi, na kiasi kinachoingia kwenye nyama hakijulikani, yaani ni njia nyingine ya kuwapa bakteria mazoezi.

Osha kidonda kwa maji safi mengi ya kutiririka na sabuni, funika kwa kitambaa safi, badilisha kila siku. Jeraha la msumari, jembe au kuumwa na mnyama lipelekwe zahanati kwa sababu ya pepopunda, na la mbwa kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Kidonda kikizungukwa na wekundu unaotanuka, kikanuka au kikaleta homa, hapo antibayotiki ya kumeza au sindano inaweza kuhitajika.

Sindano si ndiyo inayoponya haraka?

Kwa mgonjwa mahututi au anayetapika, ndiyo, na "sindano za masaa" zimeokoa wengi. Kwa anayeweza kumeza, kidonge kinatosha kwa magonjwa mengi. Usichomwe na mtu anayepita nyumba kwa nyumba.

Ng'ombe na kuku wangu wanaumwa. Dawa naijua mwenyewe.

Wafugaji wengi, Wamasai wakiwemo, wanajua magonjwa ya mifugo yao kuliko tunavyowapa sifa. Lakini chupa ya oksitetrasaiklini imekuwa jibu la kila kitu, na dozi inakisiwa kwa jicho: ng'ombe mkubwa na ndama wanapata karibu sawa. Uzito ndio unaotawala dozi. Mtafute ofisa mifugo wa kata walau mara ya kwanza, akuonyeshe kukadiria uzito kwa kamba kifuani.

Kila dawa ina muda wa kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kuchinja, na umeandikwa kwenye lebo. Kwa oksitetrasaiklini ya kufanya kazi muda mrefu ni siku kadhaa kwa maziwa na wiki kadhaa kwa nyama. Kuchemsha maziwa kunaua vijidudu, na tunasisitiza uchemshe, ila usitegemee kwamba kunaondoa mabaki ya dawa. Tunajua uchungu wa kumwaga maziwa watoto wakitazama. Ng'ombe aliyechomwa akamuliwe kivyake, maziwa yake yasichanganywe na ya wengine, ili usimwage yote.

Kwa kuku, wengi hutia kapsuli za binadamu kwenye maji mdondo unapoingia. Mdondo, au kideri, ni ugonjwa wa virusi. Kapsuli hazitamwokoa hata kifaranga mmoja. Kinachowaokoa ni chanjo kabla ya ugonjwa: ile ya I-2, tone moja jichoni, ukirudia kila baada ya miezi mitatu. Chanja banda lote siku moja, wachanje kuku wazima tu, na shirikianeni majirani, kwa kuwa kichupa kimoja kinatosha kuku wengi.

Jirani yangu anameza Septrin kila siku. Naweza kuomba mbili tatu?

Usimwombe. Kuna watu ambao wameandikiwa Septrin ya kila siku kama kinga, wakiwemo wanaoishi na VVU. Akikugawia, anajipunguzia kinga yake na wewe unapata dozi isiyotosha kitu. Na usimuulize anaumwa nini.

Nina mimba, au nanyonyesha. Kuna zisizofaa?

Zipo. Tetrasaiklini na doksisaiklini huharibu rangi ya meno ya mtoto aliye tumboni. Mwambie muuzaji una mimba hata kama bado haionekani. Na kwa kila mtu: doksisaiklini na siprofloksasini zisimezwe pamoja na maziwa, Flagyl isikutanishwe na pombe, na aliyewahi kuvimba uso au kutokwa vipele baada ya pensilini alitaje hilo kila anapotibiwa.

Duka la dawa linaruhusiwa kuniuzia antibayotiki bila cheti cha daktari?

Sheria inataka cheti. Maduka ya dawa muhimu yalianzishwa kwa mara ya kwanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, na yakaruhusiwa kuuza baadhi ya antibayotiki, kwa cheti, na muuzaji awe amepata mafunzo. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa watu walio mbali. Kinachotokea kaunta ni kitu kingine, na lawama ni ya pande mbili: muuzaji anayeuza kwa kuogopa utaenda duka la jirani, na mteja anayekwenda kweli duka la jirani akikataliwa. Muuzaji akikuambia "hii haihitaji antibayotiki", amekutendea wema na amepoteza mauzo. Rudi kwake.

Nimebakiza vidonge vya mwaka jana. Nivifanyeje?

Vikibaki maana yake dozi haikwisha au uliuziwa vingi. Usiviweke kwa ajili ya homa ijayo, usimpe mgonjwa mwingine, usivitupe chooni, mtoni au kwenye banda la kuku. Virudishe zahanati au kwenye duka la dawa, uwaombe wavipeleke viharibiwe pamoja na dawa zilizokwisha muda.